Moja Yenye Mkia wa Bata Bukini

Jumanne, 10 Agosti 1976



Miezi minne sasa Mzee Chen, mpishi anayenifundisha maandishi ya Kichina ya zamani, ananiandikisha neno lile lile: moja. Ni mstari mmoja tu wa kulala. Uanze mnene kama kichwa cha kiwavi, katikati utulie, mwishoni ukandamize brashi kisha uinyanyue polepole, utoke mkia wa bata bukini. Na mimi ni mchora vibao, nusu ya maduka ya mtaa wetu wa Nateete nimeyaandika mimi! Lakini bata wangu wote, anasema, wamevunjika mkia, isipokuwa mmoja tu wa leo.

Leo nilipotoka kwake, askari wa kizuizi cha barabarani akaikunjua karatasi yangu ya mazoezi.

"Hii siri wewe napeleka kwa nani? Soma!"

"Moja, afande."

"Na hii?"

"Moja."

Akashuka na kidole mpaka chini. Moja, moja, moja, karatasi nzima. Akaikoki bunduki.

"Moja nini?"

Sijui ulimi uliyatoa wapi haya. "Rais mmoja, afande. Hakuna wa pili."

Akaishusha bunduki. Halafu akapiga saluti, akiipigia karatasi, si mimi, akaibandika kwenye kibanda chao. Imekwenda na bata wangu pekee aliyekuwa mzima.

"Muzuri sana," akasema. "Jumanne ingine leta ile ya 'Rais wa maisha'."

Moja peke yake imenilia miezi minne. Nimebakiwa na siku saba za kujifunza maisha.