Treni ya Dallas Uliyoingojea Alief

Baba yangu,

Shikamoo. Ulikuwa ukiitikia marahaba kabla sijamaliza neno, kana kwamba nimechelewa hata kwenye salamu. Leo nimeandika na nikaingoja marahaba yako. Mazoea hayo.

Unakumbuka Jumamosi ile nilipokuja Alief, hapo Houston, na habari ya treni? Ulikuwa umekaa sebuleni kwa kaka Athumani, shali mabegani, ukilalamikia baridi ya AC. Nikakuonyesha picha kwenye simu: treni nyeupe yenye pua ndefu, kama zile za Japani, itakayotoka Houston ifike Dallas kwa saa moja na nusu. Uliishika simu kwa mikono miwili. Ulikuwa stesheni masta Voi miaka na miaka, kwa hiyo swali lako la kwanza halikuwa la mwendo.

"Nani anampa dereva ruhusa ya kupita?"

Nikakwambia siku hizi hakuna karatasi ya kumkabidhi dereva, wala taa kando ya njia. Kompyuta ndiyo inayotoa ruhusa, inamtokea dereva kwenye kioo mbele yake, na huko tuendako huenda hata dereva asiwepo. Milango itajifunga yenyewe, kwa sekunde.

"Sasa mtu akija mbio na kikapu chake, nani atamwona?"

Tulicheka mpaka Athumani akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Maana ni wewe uliyemwacha Mama stesheni na kikapu chake cha machungwa, gari la moshi likaondoka mbele ya macho yake, na bendera ya kijani umeipeperusha mwenyewe. Alikununia siku tatu. Ulijitetea kwa maneno mawili tu: "Saa ni saa."

Kisha ukaniuliza treni itakuja lini. Nikasema miaka michache tu, Baba, stesheni zimeshachorwa. Nilisema kwa kujiamini kwa sababu nafanya kazi ya kompyuta Richardson, jirani na Dallas, na watu wa kazi yangu tuna ugonjwa huo: tukiona kitu kimechorwa vizuri, tunahesabu kimeshajengwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Athumani alinipatia nyumba Stafford, dakika chache kutoka kitandani kwako. "Sister, hama bwana. Kazi yako ni laptop, si uta-work from home tu? Mzee anakuhitaji huku." Nikamjibu kwamba treni ikija nitakuwa nashuka kila wikendi, ya nini kuhama? Nilikataa nyumba yenye paa na milango kwa ajili ya treni isiyo na hata reli. Nauandika ujinga huu hadharani, pengine mwingine aliye mbali na mzazi wake atausoma.

Mambo yakawa yale yale. Mara wenye mashamba wamekataa reli ipite, mara mahakama, mara fedha hakuna. Hadi leo hakuna treni ya abiria inayotoka Houston kwenda Dallas moja kwa moja. Mgongo wako haukuweza kukaa garini kwa saa nne, kwa hiyo Richardson hukuwahi kuiona. Kila Ijumaa ulipiga simu: "Wameanza kulaza reli?" Nikasema bado. Binti yangu Salma akakudakia kwa Kiingereza chake, "Babu, it won't even have smoke!" Nawe ukamjibu kwamba hata likienda kwa sumaku, kwako ni gari la moshi, na utalipanda uje kumwona.

Asubuhi ile Athumani alipiga simu saa moja. "Mwanaisha, Baba katutoka. Drive polepole." Nikatazama safari za ndege, lakini kwa muda wa kwenda uwanjani na kungoja, niliona heri barabara. Saa mbili nilikuwa njiani. Saa sita ningekuwa Alief, nikuone uso kabla hujafunikwa, maana sisi wanawake wa kwetu hatufuati maiti makaburini, na hiyo ndiyo ruhusa yetu ya mwisho.

Kabla ya mji wa Huntsville lori la mafuta lilipinduka. Barabara yote ikasimama. Nilizima injini nikashuka, nikapanda tena, nikapiga simu. Athumani alilia: "Nime-try kuwaomba wakungoje, dada, lakini Baba aliusia asicheleweshwe kwa ajili ya mtu yeyote." Wasia ni wasia. Nilikaa nyuma ya usukani, mkono juu ya honi, na sikuwa na wa kumpigia honi.

Nilifika saa tisa. Ulikuwa umezikwa baada ya adhuhuri. Wanawake walinipisha nikaingia chumbani kwako, na kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Sijui nimkasirikie nani. Wenye mashamba wana haki na mashamba yao. Dereva wa lori naye aliumia. Athumani alikutii. Nabaki na mimi mwenyewe, nami nimechoka kujikasirikia. Juzi wametangaza tena kwamba treni iko mbioni. Nilisoma habari yote hadi mwisho, Baba. Siwezi kuacha kuisoma.

Siku ya arubaini Athumani alinipa daftari lako la mistari. Ndani umeandika ratiba ya treni isiyokuwepo kwa mwandiko wako ule wa Voi: kutoka Houston, kufika Dallas, kurudi jioni. Pembeni umeacha safu ya maelezo, na kila mstari umeuacha mtupu isipokuwa mmoja, wa treni ya Jumapili jioni ya kunirudisha kwangu.

"Mwanaisha akichelewa, gari lingoje dakika tano."

Dakika tano, Baba. Mimi nilichelewa kwa saa tatu.

Lala salama.

Ni mimi binti yako,
Mwanaisha