Pweza Wasiojali Bamvua

Jumatano, Utende. Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua la kivivu.

Ghuba ya Chole leo haina rangi. Maji na mbingu vimeshikana, na mashua iliyonivusha ilikuwa kama imening'inia hewani. Nimekaa kwenye baraza ya nyumba ya wageni tangu alasiri, chai imepoa, na bado nahisi nayumba. Mwili umeshuka chomboni, akili imebaki majini.

Nina jambo la kukiri, na nataka niliandike kabla sijaanza kulipamba.

Mimi ni mhadhiri msaidizi, mtu wa Songea, bahari nimeijua ukubwani. Miaka miwili iliyopita nilichapisha makala kuhusu akina mama wa kisiwa cha Chole wanaokwenda mwambani kwa miguu, maji yakitoka, kuwinda pweza kwa kijiti. Kiongozi wao, Bi Somoe, aliniandikia daftari mwaka mzima: siku, na idadi ya pweza. Mimi nilikuwa zangu chuoni. Daftari lilipofika nikaliingiza kwenye kompyuta, nikalinganisha siku zake na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji.

Ikatoka ajabu. Kumbe wanavua sawasawa, iwe bamvua au maji mafu! Bamvua ni yale maji ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, yanayojaa sana na kutoka mbali sana. Maji mafu, ya nusu mwezi, hayaendi popote. Nikahitimisha kwamba mavuno ya pweza hayafuati bamvua.

Nilifurahi mno. Nilidhani nimegundua kitu.

Jarida lenyewe ndilo lililoniandikia kwanza, likiniita Profesa Mashuhuri. Baada ya siku nne makala ikakubaliwa. Mhakiki aliisifu kazi, akashauri nieleze zaidi hali ya wagonjwa wangu. Wagonjwa! Pweza wangu walikuwa wazima kabisa mpaka walipochomwa kijiti. Nilicheka peke yangu, nikalipa ada yao, nikanyamaza. Nikisema sikujua ni jarida la namna gani nitakuwa naongopa. Nilijua nusu, na nusu ya pili niliiacha ilale.

Kisha namba zikaanza kupanda. Kila wiki nilifungua ukurasa wangu kuhesabu walionirejelea. Mmoja aliandika juu ya mabwawa ya samaki, mwingine juu ya chanjo ya kuku, na karibu wote walichapisha kwenye jarida lilelile. Sikuwauliza pweza wangu walifikaje kwenye banda la kuku. Mkuu wa idara alinipongeza mbele za watu. Nikisinzia mchana niliziota zile namba, zinapanda taratibu kama maji yanavyojaa, bila kelele, nami nimelala juu yake chali, naelea. Jumatatu ijayo ndiyo siku ya kupeleka maombi ya kupandishwa cheo, na makala hiyo ndiyo niliyoiegemea.

Leo kulikuwa na mkutano Chole. Mwamba ulifungwa kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kwa makubaliano ya kijiji na watu wa hifadhi ya bahari, na leo ulikuwa wakati wa kutangaza siku ya kuufungua. Afisa wa mradi mmoja, mtu mpole mwenye adabu zake, alisema wamechagua siku ambayo wageni wao watakuwapo. Kwa upande wa pweza, akasema, siku yoyote ni sawa, utafiti umethibitisha. Akainua makala yangu.

Moyo ulinijaa fahari, nakiri hilo pia.

Bi Somoe akasimama. "Siku hiyo mwezi una ishirini na mbili. Maji mafu hayo, baba, mwamba hautoki. Sisi wa miguu tutapita wapi? Watavua wenye mashua na miwani ya kuzamia, na sisi tuliolinda miezi yote hii tuje kutazama?"

"Bibi, utafiti huu umerejelewa na wataalamu wengi," afisa alisema kwa upole.

"Warejelee wasirejelee, maji hayatatoka."

Mwezi una ishirini na mbili. Nilifungua simu nikatafuta picha za daftari. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Moja, mbili, tatu. Mwezi baada ya mwezi, siku ni zilezile. Bi Somoe hakuwa akifuata kalenda ya ukutani ofisini kwangu. Alihesabu tangu mwezi uandame, kama wanavyohesabu wote hapa. Mwezi wa kwanza wa daftari hesabu zake na zangu zilikaribiana, ndiyo maana sikushtuka. Halafu zikaachana polepole, nami nikaendelea kujaza. Akina mama hawa hawajavua maji mafu hata siku moja.

Nilisimama. Nilisikia sauti yangu kwa mbali ikisema: "Utafiti huo ni wangu, na nimekosea. Msiufuate."

Nilipoeleza, watu walicheka, bila ubaya. Afisa alikunja makala, akamwomba Bi Somoe amtajie siku ya bamvua. Wameiandika hiyo.

Nikiwa bado pale nililiandikia jarida barua, nikaomba makala iondolewe na sababu itajwe. Majibu yakaja upesi: "Mpendwa Profesa Mashuhuri, tunashukuru kwa makala yako mpya. Imekubaliwa."

Jumatatu nitapeleka maombi bila makala ile. Hayatatosha. Inaniuma, tena sana. Mama yangu alishaanza kuwatangazia majirani.

Bi Somoe alinisindikiza pwani. Tulikwenda polepole, popo wamelala matawini, maji meupe pee. Nikamwomba radhi. Akasema radhi zipo, mwanangu. Hatua chache mbele akasimama.

"Mimi hiyo karatasi yako siijui. Lakini wasomi wote hao, hakuna hata mmoja aliyecheka?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sidhani kama yupo aliyeisoma.

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

"Hata wewe?"