Mkono Nilioutolea Ushuhuda

Jumatatu, 2 Juni
Nimeufunga mkono kitambaa tena, kabla ya chai. Miezi minane tangu sindano ya cherehani initoboe kidole. Kidonda kilifunga zamani, lakini upepo tu ukipita, mkono unawaka hadi kiwikoni. Wifi yangu Béa amekalia mashine yangu, anashona kola upande. Mteja anamsifu! Wajinga wamekutana. Mume wangu kasema nisiporudi kushona mwezi huu, mashine ni ya dada yake. Eti nilipona Pasaka, huu ni uvivu.

Jumapili, 8 Juni
Kosa ni langu. Pasaka nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba nimepona. Wapi! Ngoma zilinizidi, na mchungaji alikuwa amenisogezea maikrofoni mdomoni. Anayeukana ushuhuda wake, wanasema, amemkaribisha shetani. Leo mke wa mchungaji kaukamata mkono uleule, akautikisa. Nikacheka. Mpumbavu mimi.

Jumanne, 10 Juni
Nimekwenda kwa kine wa zahanati, yule wa kunyoosha viungo, msichana wa viatu vya plastiki. Kanigusa kwa pamba, nikapiga kelele. Hakucheka. Kasema kidonda kimepona, ila mishipa ya fahamu imezoea kulia, na ubongo unaiongezea sauti kama jirani na redio yake. Uchungu ni wa kweli. Kitambaa kinauzidisha: mkono usioguswa huogopa kila kitu. Niuzoeshe pamba, halafu kitenge, halafu kazi, kidogo kidogo. Mchungaji na mafuta yake yote, kumbe wa kuniamini ni huyu. Nimelia. Nachukia kulia.

Jumamosi, 14 Juni
Pamba, dakika mbili. Nimetukana hadi Béa akafunga dirisha.
“Weye ulisema ulipona. Minye nilisikia!”
Masikio anayo. Kushona ndiyo hajui.

Jumapili, 15 Juni
Wakati wa shuhuda nimesimama, mkono wazi. Nimesema: sikupona, nilidanganya, unauma hata sasa. Mchungaji kaanzisha wimbo mbiombio, mwoga yule. Mume wangu kaangalia viatu vyake. Nje, mama yake shemasi kaninong’oneza:
“Minye vilevile, mwanangu. Mugongo. Nilishatoa ushuhuda mara tatu.”

Jumatano, 18 Juni
Baridi. Béa yuko sokoni. Mume wangu kanivutia kiti mashineni, akatoka. Nimeshona mshono mmoja, mfupi. Umeuma. Nimepumzika kidogo. Nimeshona wa pili.