Bibi, Ule Uongo Umekuwa Kweli

Mke wangu Bibi Somoe,

Usishtuke kuitwa mke. Wewe ndiye uliyenilea ukaniita "mume wangu" tangu natambaa, ukasema mjukuu wa kiume ndiye mume pekee asiyemchosha mwanamke. Sijasikia kwamba kifo kinavunja ndoa ya utani. Hali yako sikuulizi, huko uliko anaijua Mwenyezi Mungu. Ila ninavyokujua mimi, hata huko umeshampata wa kumtania.

Nina mambo mawili, moja zuri, moja baya. Baya litangulie, maana limenikaa kooni kama mwiba wa samaki tangu masika.

Bibi, nilikudanganya.

Siku ile ulipopanda kichuguu nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, ukanipigia huku Kibiti ukauliza, "Mume wangu, umeshakuwa mwalimu?" nikakujibu, "Tangu juzi." Ukapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Bibi, tangu juzi nilikuwa nafagia. Nilikuwa mwanagenzi wa miezi miwili pale chekechea, kazi yangu ufagio, vikombe vya uji, na kuwapeleka watoto chooni. Wenyewe walikuwa wananiita Kaka Ufagio. Lakini ningekwambiaje? Wewe ndiye uliyemwendea mwenyekiti wa kijiji mara tatu mpaka akaniombea ile nafasi, mimi kijana niliyeishia kidato cha pili, tena nikatokea mlango wa nyuma.

Ungenyamaza nalo basi! Wapi. Wiki haijaisha, Maparoni nzima inajua. Ukanitumia ndoo ya kamba wakavu kwa boti mpaka Nyamisati, ubavuni umeandikisha kwa wino mweusi: MWALIMU SELE, CHEKECHEA, KIBITI. Ndoo ikafika mikononi mwa Madam Rukia, mkuu wa kituo, mama mmoja mfupi anayeongea taratibu kuliko mtu anayehesabu tasbihi. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Mwalimu Sele ndiye nani hapa?"

Nikasema, "Ni bibi yangu huyo, Madam. Mzee, anachanganya mambo."

Nilikusingizia, Bibi. Wewe unayekumbuka mpaka siku ya kuzaliwa ya mbuzi. Hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Halafu ukafa. Ghafla hivyo, hukunipa hata nafasi ya kuja kukwambia. Mazikoni walipotafutwa watu wa kuingia kaburini kukupokea, sauti ikatoka nyuma: "Mpisheni Mwalimu!" Wakanipisha. Nikashuka, nikakushika upande wa kichwa. Ulikuwa mwepesi. Sikujua mtu mwenye maneno mengi vile anaweza kuwa mwepesi namna ile. Watu walisema, maskini, mwalimu anavyolia. Nililia, ndiyo. Lakini nilishuka mle na jina lisilo langu, na nilipotoka, nilitoka nalo.

Haya. Baya limekwisha. Sasa kaa vizuri nijisifie.

Kwanza ujue kazi hii si mchezo, ingawa ni michezo mitupu. Wiki ya kwanza niliyoachiwa darasa kwa dakika tano, watoto thelathini wakapiga kelele kama ndege kwenye mpunga. Mimi na akili zangu nikafanya unachojua wewe: nikatoa ule ukelele wetu wa kuamia ndege shambani, nikapiga na debe. Bibi, ndege hutawanyika, na watoto nao wakatawanyika! Mmoja tulimkuta kwenye banda la kuku la jirani, amekaa kimya anamtazama tetea. Madam Rukia hakunifokea. Alisema tu, "Sele, umewafukuza vizuri. Sasa kajifunze kuwaita." Ningeona heri anichape.

Akanipa daftari. Kila siku nichague mtoto mmoja, nimtazame, niandike. Sheria moja: andika ulichokiona, usiandike ulichofikiri. Mimi nikaona, hiyo tu? Siku ya kwanza nikamwandika Siwema, msichana wa miaka minne aliyehamia na mama yake kutoka huko kwetu visiwani. Nikaandika: "Siwema ni mkaidi." Madam akakata kwa kalamu nyekundu. Nikaandika: "Siwema ana kiburi." Akakata. Daftari langu likawa linavuja damu.

Maana huyu Siwema alikuwa hakai kwenye mkeka. Akifika asubuhi anapanda meza, anatulia hapo hapo. Haongei. Ukimshusha kwa nguvu anapiga mayowe kama anatupwa mtoni, ukimwachia, juu tena. Walimu wote walikuwa wamemchoka. Na Madam alishaniambia mapema: mwisho wa muhula mkaguzi atakuja kunitazama nikifundisha. Watoto wote wawe kwenye mkeka, wote wawe kwenye somo. Nikishindwa, mafunzo yangu yanaishia hapo, narudi Maparoni kuvua kamba. Nirudi vipi, Bibi? Mwalimu arudi kwa watu gani?

Basi siku moja, kwa hasira tu, nikaandika kama nilivyoambiwa. "Siwema amepanda meza. Ametazama chini. Ametazama mlango. Ametazama chini tena. Hajashuka." Madam akapita, akasoma, kalamu yake nyekundu ikabaki juu juu. Hakukata. Nami nikaisoma tena.

Nilikuwa namjua mtoto huyo. Nilikuwa mimi.

Mimi juu ya dungu letu la shambani, kile kichanja cha kulindia mpunga, miaka mingapi sijui, mpunga umeiva, wewe uko mbali kwenye majaruba unapigana na ndege, na mimi umeniacha huko juu ya miti ili nguruwe pori na kiboko wasinikute chini. "Usishuke mpaka nikuite." Nilikaa. Nilikojoa huko huko, unakumbuka, ukanisema mwezi mzima. Jioni ulikuja na fimbo yako, ukalizunguka dungu, ukipiga nyasi, pa, pa, pa, mpaka ukarudi ulipoanzia, halafu ndio ukainua uso: "Shuka, mume wangu, chini kumekauka." Hata kama kulikuwa na matope mpaka magotini, ulisema kumekauka, nami nikashuka.

Jioni ile nikamfuata mama yake Siwema kwenye kibanda chake cha mihogo ya kukaanga. Nikamuuliza mambo ya dungu. Akaacha kijiko kwenye mafuta. Akasema msimu uliopita nguruwe waliingia jioni, wakapita chini ya dungu mtoto akiwa peke yake juu. Yeye alipofika alimnyakua tu wakakimbia. "Sikumwita," akasema. "Nilisahau kumwita." Akajifuta uso kwa kanga.

Unaona, Bibi? Mtoto wa watu hakuwa mkaidi. Alikuwa bado anasubiri kuitwa.

Nikamweleza Madam. Akasema, "Basi tuone." Nikajenga dungu kwenye kona ya darasa, kimo cha goti langu tu, nikalikaza kwa kamba ya mnazi, nikaruka juu yake mwenyewe kulipima. Watoto wakacheka, Kaka Ufagio amepanda kitanda. Siwema akalitazama kutwa. Kesho yake akaiacha meza, akapanda dungu. Sikumwita. Kila asubuhi nilichukua fimbo nikalizunguka nikipiga sakafu, pa, pa, pa, nikatandika mkeka, nikaendelea na kazi zangu. Wenzangu wakasema Sele sasa kachanganyikiwa. Nikawaambia wasubiri, fundi hasukumwi.

Nilikuwa naogopa, Bibi. Wewe nakwambia. Niliogopa kumwita asishuke, nikose na la kujaribu tena.

Mkaguzi akaja Alhamisi, siku moja kabla ya siku aliyotuambia. Akakaa nyuma na Madam kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Watoto ishirini na tisa kwenye mkeka, mmoja juu. Nikaanza hadithi ya kunguru na vizibo vya soda, tunahesabu vizibo, moja, mbili, na mkaguzi hatazami vizibo, anatazama dungu. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi. Nikasema potelea mbali. Nikachukua fimbo. Nikazunguka. Pa, pa, pa. Watoto wakaacha kuhesabu. Nikainua uso kama wewe, ingawa dungu lenyewe halinifiki kiunoni.

"Shuka, mwanangu, chini kumekauka."

Akanitazama. Akatazama sakafu. Halafu, mtoto ambaye hatujawahi kumsikia akitamka neno tangu aje, akasema, "Mwalimu, kumekauka kweli?"

Mwalimu, Bibi! Si Kaka Ufagio!

Nikasema, "Kumekauka kweli." Akateremsha mguu mmoja, akaigusa sakafu kwa kidole gumba kama anayepima maji ya kuoga. Akashuka. Akaja akakaa mbele kabisa, akampokonya mwenzake kizibo, akahesabu "tatu" ilipokuwa nne. Sikumsahihisha.

Madam alinionyesha baadaye alichoandika mkaguzi. Ameandika: "Mtoto ameitwa. Mtoto ameshuka." Basi. Hakuandika alichofikiri, ila chini kabisa kuna sahihi, na sahihi hiyo ndiyo inayosema nimefaulu. Kuanzia muhula ujao darasa la wadogo ni langu. Jana nimelala kama gunia la mpunga. Ni mara ya kwanza tangu masika nalala bila kulisikia lile "Mpisheni Mwalimu."

Na ndoo yako? Nilikuwa nimeificha stoo, maandishi yameelekea ukutani. Ijumaa nimekuta Madam ameitoa, ameiweka mlangoni mwa darasa, watoto wananawia mikono. Maandishi yako nje, kila anayepita anasoma. Nilipomwangalia alisema, "Bibi yako hakuchanganya kitu. Aliwahi tu."

Nikifunga shule nakuja Maparoni. Nitaanzia kwa wale walionipisha mazikoni, niwaambie siku ile nilikuwa nafagia. Wanicheke, nimezoea, nimelelewa na wewe. Halafu nitakuja kwako, nikusomee dua, nikwambie haya yote tena kwa sauti maana barua huwezi kuijibu, na hilo litakuuma kuliko kufa.

Lala, mke wangu. Wewe umeshaitwa, umeshashuka, naomba kwa Mungu huko chini kuwe kumekauka kweli. Mimi bado niko juu naangalia hawa ndege wangu thelathini. Nakuahidi hakuna hata mmoja nitakayesahau kumwita. Na mwenyewe sishuki mpaka nisikie fimbo yako.

Mumeo,
Mwalimu Sele