Wageni wa Magari na Nyasi za Ndama

Ijumaa, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi, na vumbi la barabara ya Namanga limeingia mpaka ndani ya sufuria. Naogopa.

Naandika nikiwa nyuma ya tangi la maji, kwa sababu hapa hakuna mtu anayenitafuta. Simu imebakisha chaji kidogo. Kaka yangu Lemayian yuko upande ule mwingine wa nyumba, anamwambia Koko, nyanya yetu, jinsi kiwanda kitakavyokuwa. Namsikia akicheka. 

Wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza: sisi tunaishi kupita Kisaju kidogo, mahali ambapo ukisimama juu ya jiwe unaona mabati ya Kitengela yakimeta kwa mbali. Baba anafuga. Mimi niko kidato cha tatu. Darasani nikitazamwa na mwalimu, jibu hunikimbia hata kama nilikuwa nalo. Ninajua kuandika kuliko kusema. Ndiyo maana nina blogu hii.

Leo tulikuwa na wageni wa magari.

Hivyo ndivyo kila mtu alivyowaita wiki nzima, wageni wa magari. Ni watu wa kampuni ya nje inayotengeneza magari ya umeme. Wanatafuta mahali pa kujenga kiwanda cha kuyaunganisha, karibu na Nairobi lakini nje ya msongamano wake. Anayewazungusha ni Bwana Ndung'u, ambaye kazi yake ni kuwatafutia wawekezaji ardhi. Alitueleza kwamba si sisi peke yetu tunaowataka. Watu wa Thika wanawataka, watu wa Naivasha wanawataka, na kila mmoja anasema kwake kuna barabara nzuri, umeme na vijana waliosoma.

Kwetu kuna barabara. Umeme upo. Na kijana aliyesoma ni Lemayian.

Alimaliza kozi ya ufundi wa magari akiwa wa kwanza darasani. Tangu hapo anatengeneza pikipiki za watu Kitengela, kando ya barabara, akiwa amelalia gunia. Asubuhi hii alivaa shati jeupe, akampa Bwana Ndung'u nakala ya cheti chake kwa mikono miwili. Halafu akanivuta kando.

“Msomi, leo ni yako. Toa Kiingereza chako chote, hata kile unaficha. Lakini usianze kulia mbele ya watu.”

“Silii.”

“Uliliaga siku ya kusoma Biblia.”

“Nilikuwa na miaka tisa!”

“Basi leo uko na miaka ya kutosha. Nasieku, usiniharibie.”

Alisema hivyo akicheka. Mimi ndiye niliyelibeba neno hilo likawa zito.

Kazi yangu ilikuwa ndogo. Bwana Ndung'u aliomba msichana wa shule awasalimu wageni kwa niaba ya vijana, na mwalimu akanitaja mimi, labda kwa sababu insha zangu ni ndefu. Nilikariri sentensi chache. Vijana wa Kajiado wako tayari, karibuni, asanteni.

Baba naye alikubali wageni waje kwa sharti moja. Waone ile sehemu ya chini, karibu na barabara, yenye mawe. Hapo hata mbuzi hupita bila kusimama. Aliniambia mwenyewe jana tukifunga boma: “Mgeni hakatazwi kuangalia. Lakini huko juu hakuna cha kuangalia.”

Kila mtu hapa anajua kwa nini. Huko juu ni olopololi yetu.

Nitaeleza polepole, kwa sababu leo yote yametoka hapo. Mvua ikiisha, Baba na ndugu zake hufunga kipande cha malisho karibu na boma. Hakuna uzio. Neno lao linatosha. Ng'ombe wakubwa hawaingii, mbuzi hawaingii, hata kama nyasi zimefika magotini na wao wanazitazama kwa uchu. Zinangoja. Kiangazi kikikaza, zinafunguliwa kwa ndama, kwa wagonjwa, na kwa ng'ombe waliozaa ambao hawawezi tena kutembea mbali. Lemayian alipokuwa mdogo aliacha mbuzi waingie, na hakuchapwa na Baba peke yake. Wajomba na baba wadogo walijipanga.

Katika ukame ule mkubwa, majirani walikuwa wanaamka kuwainua ng'ombe waliolala wakashindwa kusimama. Mmoja anashika mkia, mwingine pembe. Wengine walisimama, wengine hawakusimama. Ndama wetu waliishi. Waliishi kwa zile nyasi.

Sasa fikiria mtu asiyejua, akifika leo. Kuzunguka kote ni ploti zilizouzwa, seng'enge, na mabango ya kuuza ploti nyingine. Chini ni mawe. Juu kuna uwanda tambarare wa nyasi ndefu, hakuna ng'ombe hata mmoja, hakuna nyayo. Ataona nini?

Ataona ardhi isiyo na mwenyewe.

Wageni walifika jua likiwa kali. Walikuwa wanaume watatu na mama mmoja mhandisi, mwembamba, mwenye kofia pana. Nilimwinamishia kichwa anishike utosini, kama mtoto anavyomsalimu mkubwa. Kumbe kwao pia huinama wakisalimiana, akainama na yeye, vichwa vyetu vikakaribia kugongana. Yeyo, mama yangu, alijifunika mdomo kwa leso. Yule mama alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nilisema sentensi zangu bila kulia. Lemayian aliniinulia kidole gumba kutoka kwenye lango, na kwa dakika chache nilifikiri siku itakuwa nzuri.

Kisha Baba na wazee wakakaa kivulini kungoja chai, na Bwana Ndung'u akawapandisha wageni kwenye gari. Akaniita nipande pia, niwe nikijibu maswali ya vijana.

Gari halikwenda kwenye mawe. Lilipanda juu.

Nilitaka kusema kitu.  Nilijiambia mtu mkubwa anajua anachofanya, ambayo ndiyo sentensi ninayojiambia kila ninapoogopa watu wakubwa.

Tulishuka katikati ya olopololi. Bwana Ndung'u alifungua mikono kama anayeonyesha sebule yake. Akawaambia kwa Kiingereza kwamba hapa ni tambarare, hapahitaji kuchongwa sana, barabara kuu iko karibu, na kwamba hakuna anayepatumia. Wanaume watatu wakapiga picha. Mmoja akapima kwa hatua, akizilaza nyasi kwa viatu.

Yule mama hakupiga picha. Alichuchumaa, akashika nyasi, akazitazama kutoka juu mpaka shina. Halafu akanijia mimi.

Akaniuliza: hawa ni watu wa ng'ombe, sivyo? Na kiangazi kinakaribia. Basi mbona hakuna ng'ombe aliyekula hapa?

Nilimtazama Bwana Ndung'u. Alikuwa ananitazama.

Sijui kueleza kilichotokea ndani yangu. Nilimwona Lemayian na shati lake. Niliziona zile nyasi chini ya viatu. Nilijua kwamba nikisema “sijui” mambo yataendelea vizuri kwa mtu mmoja ninayempenda sana. 

Nikasema ukweli. Nikasema kwa Kiingereza chote, hata kile ninachoficha. Kwamba hazijaliwa kwa sababu zimewekwa. Kwamba ni za ndama na wagonjwa, na mahali hapa panatumiwa kuliko mahali pengine pote, ila si leo.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akaondoa mguu wake juu ya nyasi, akatafuta mahali pengine pa kuuweka, na hapakuwepo.

Bwana Ndung'u alicheka, akasema hayo ni mambo ya zamani na wazee wanabadilika. Yule mama hakucheka. Alimwuliza ni nani hasa anayeamua kuhusu mahali hapa, na kwa nini hayuko hapa nasi. Wageni wakazungumza wao kwa wao kwa lugha yao. Mmoja akaweka simu mfukoni. Tuliporudi chini, Bwana Ndung'u alisema wamechelewa, wanangojwa Naivasha, na hawakunywa chai. Yeyo alikuwa ameshamimina. Hata yale mawe ya chini hawakuyaona.

Kabla hajaingia garini, Bwana Ndung'u aliniinamia, akaongea polepole kama mtu anayeniaga vizuri.

“Wewe ulitumwa kusalimia. Hukutumwa kueleza. Sasa kamwambie ndugu yako kazi yake imeenda wapi.”

Wazee walifikiri ananipongeza.

Baba aliniuliza jambo moja tu, kwa nini gari lilipanda juu. Nikajibu ni Bwana Ndung'u aliyetaka. Alitema mate kando, akaenda kuangalia nyasi zilizolala. Mengine hakuyauliza na sikuyasema.

Lemayian alikuja baadaye, amekunja mikono ya shati.

“Niambie! Walisema nini huko juu?”

“Sikusikia vizuri.”

“Hukusikia? Msomi mzima, uko na masikio ya mapambo?” Alinigonga kichwani kwa kidole, kwa upole. “Lakini waliondoka haraka. Hiyo ni poa. Watu wako na haraka wakitaka kitu.”

Nilicheka pamoja naye. Ndicho kinachoniumiza zaidi ya yote. Nilicheka.

Sasa nimekaa hapa na sijui hata ninaogopa kitu gani hasa. Naogopa Bwana Ndung'u atapiga simu na kuieleza siku hii kwa namna yake. Naogopa kiwanda kitajengwa Naivasha, na Lemayian atazeeka amelalia gunia, na kila akinitazama atakiona kiwanda hicho. Naogopa pia kwamba kitajengwa hapa, kwamba watarudi bila yule mama, na mtu mwingine ataulizwa lile swali na kusema hajui. Ukame utakuja tena. Unakuja kila mara. Nani ataenda kiwandani kuomba nyasi za ndama?

Na kuna jambo ninaloona aibu kuliandika. Mimi pia nilikitaka kile kiwanda. Nilitaka taa za barabarani. Nilitaka duka la vitabu lifunguliwe Kisaju kwa sababu watu wana mishahara. Ningefurahi kama yule mama angetembea chini kwenye mawe, na kusema hapa panatufaa. Labda angesema. Sikumpa nafasi, au Bwana Ndung'u ndiye hakumpa. Nimeligeuza jambo hili mara nyingi mpaka limechakaa mkononi.

Ningeweza kunyamaza hata sasa. Hakuna aliyesikia ila wao. Bwana Ndung'u asipopiga simu, Lemayian ataendelea kungoja, wiki hii, mwezi ujao, akitazama barabara kila gari kubwa likipunguza mwendo. Ataamka na matumaini na mimi nitakunywa chai pamoja naye nikijua.

Hapana. Hilo silimudu.

Afadhali anichukie akijua, kuliko anitanie akiwa hajui.

Nimejaribu kupanga nitakavyosema. Nimeandika mwanzo wake hapa mara kadhaa na kuufuta. Kwenye karatasi ningemweleza vizuri sana, kuhusu nyasi, kuhusu viatu vya yule mtu, kuhusu swali. Lakini yeye si msomaji. Ni lazima nimwambie kwa mdomo, na mdomo wangu ndio huu.

Kesho itakuja hata nisipoiita. Sitaki initangulie kwa Lemayian.

Koko ameingia ndani. Lemayian amebaki peke yake pale nje, anapiga mluzi. Chaji inaisha. Bado naogopa, lakini niliogopa hivi hivi mchana na nilisema.

Ninaenda.