Rubani wa Lifti Iliyokufa

Jumanne, 11 Februari

Niwie radhi, daftari. Miezi saba nimekutupa kwenye mtoto wa meza kama risiti. Anayemwuguza nduguye hana la kuandika: dawa, nguo, choo. Leo ninalo.

Mdogo wangu ameingia kwenye orodha. Si ya wagonjwa, wala si ya marehemu. Ni orodha ya wanafunzi wa chuo: "Sehemu Kumi za Jiji Ambazo Hakuna Atakayekuonyesha." Binti wa jirani amenionyesha kwenye simu yake, huku akiuma midomo asicheke. Namba nne ni karakana ya fundi wa saa za ukutani. Namba tano ni paa la kiwanda cha zamani cha sabuni — jiji lote unaliona bure. Namba sita ni huyu:

"Rubani. Mzee wa lifti isiyotembea. Panda, mtajie ghorofa. Ukicheka kabla hajafungua mlango, umeshindwa." Nyota tano!

Nimeisoma mara tatu, kalamu nyekundu mkononi. Miaka thelathini na minne nimefundisha sarufi. Sikupata kosa hata moja. Waliosoma vizuri hutukana vizuri.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda mwenyewe.

Jengo ni lile lile alimoendesha lifti miaka thelathini na mmoja. Lifti ilikufa kwanza, akili yake ikafuata. Tangu mwaka jana mlinzi humwachia aketi humo kutwa, na mimi nilishukuru. Nilishukuru sana! Nilipata kulala mchana.

Nikajibanza nyuma ya nguzo. Wanafunzi sita waliingia. Yeye kavaa shati la pasi na kofia yake ya kazi.

"Ghorofa ya ngapi, mwanangu?"

"Ya saba, mzee. Kwa daktari wa meno."

Akavuta mlango wa chuma, akashika usukani wa shaba, akaanza kuunguruma. Kwa koo lake! Taratibu, kama mashine. Akawa anatangaza: ya tatu, bima, ya nne, mawakili, ya tano, washonaji, tafadhali angalieni vidole. Mmoja akalalamika kwamba masikio yameziba. "Meza mate, mwanangu," akamwambia. "Yatazibuka."

Kisha akafungua. Korido ile ile, ndoo ile ile ya mfagizi, na mimi yule yule nyuma ya nguzo. "Ya saba. Daktari wa meno, kulia."

"Ahsante, Rubani! Leo umeendesha vizuri, hata hatukutikisika!"

Walikimbilia ngazini, wakijishika mbavu. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mdogo wangu alipangusa usukani kwa leso, akasimama wima, akingoja abiria wengine. Tangu amzike mkewe sijamwona na uso ule. Alikuwa na raha.

Alhamisi, 13 Februari

Nimemwita mwandishi wa orodha, kupitia binti wa jirani. Ni msichana wa mwaka wa pili, mwembamba, sauti kubwa kuliko kifua. Shikamoo aliitoa. Nikaipokea kwa shingo upande.

Anasema hawamdhihaki. "Bibi, sisi tunampenda. Hata kule bwenini tukimtaja, mtu anasema: 'Rubani wetu.'"

"Ukimpenda mtu, unampa nyota?"

Alizungusha kikombe cha chai mkononi. Nilidhani nimemmaliza. Nikaongeza kwamba mama yake angeona haya. Hapo akaniangalia usoni.

"Bibi, na wewe ulipokuwa unamwacha kule toka asubuhi mpaka jioni, ulidhani anafanya nini?"

Nikamwonyesha mlango. Kabla hajatoka alichukua kikombe chake, akakiosha, akakifudikiza. Malezi anayo. Ningependa asiwe nayo.

Ijumaa, 14 Februari

Meneja wa jengo amekuja na barua. Watu wanaofuata "kivutio" wamezidi. Ama nitie sahihi, kama msimamizi wake, kwamba aonyeshwe rasmi — sare mpya, kibao mlangoni, saa nne hadi saa nane — ama Jumatano adhuhuri ataziba tundu la lifti kwa matofali. Mpaka nitakapojibu, mzee asikanyage.

"Mama, tunamfanyia hisani. Wazee wangapi wana watu wa kuwatembelea?"

Alisema hivyo akitazama saa yake.

Jumapili, 16 Februari

Nimemwambia ukweli.

Jana alishinda akivuta kitasa cha mlango wa nyumba, akilia kwamba abiria wanangoja. Leo nilimketisha mezani, nikamweleza kwa sentensi kamili.

"Lifti haitembei."

"Haitembei?"

"Ni mwaka wa tisa huu. Unaunguruma mwenyewe, unafungua pale pale."

"Na wale watoto?"

"Wanakucheka."

Alivua kofia, akaiweka magotini, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Wote, Dada?"

Sikuwa na ushahidi wa wote. Nilisema: "Wote."

Hakula mchana. Usiku hakula. Nilijiambia kwamba dawa chungu ndiyo iponyayo.

Jumatatu, 17 Februari

Amesahau! Saa kumi na mbili na nusu amesimama mlangoni, kofia kichwani, kiatu cha kushoto mguu wa kulia. "Dada, nimechelewa. Watu wamejaa chini."

Nikamwambia tena. Uso ule ule ukaporomoka. Swali lile lile: "Wote?"

Jumanne, 18 Februari

Mara ya tatu. Leo nilifupisha, kama mwalimu aliyechoshwa na darasa zito. Maneno sita tu. Nilikuwa nakoroga uji huku namwambia.

Jumatano, 19 Februari

Saa tano na robo. Naandika jikoni, nimesimama.

Msichana amekuja na wenzake wawili. Hawana simu mikononi, nimetazama. Anasema wamelifuta jina lake kwenye orodha tangu juzi, wanaomba tu wamtembelee. Nikawa natafuta jibu la kuwaumiza, naye akatoka chumbani, kofia kichwani, tayari kwa kazi. Leo nilikuwa sijamwambia lolote. Nilikuwa nimeamua kutomwambia.

Alipowaona alisita. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, akanishika mkono wa gauni kama alivyokuwa akinishika tukiwa watoto.

"Dada," akaninong'oneza, "hawa ndio wanaocheka?"

Kwamba lifti imekufa, hajui. Amevaa, anataka kwenda. Kuchekwa ndiko kulikobaki kichwani. Katika yote niliyomfundisha, hilo ndilo lililoshika.

Msichana alisikia. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. "Bibi, umemwambia nini?"

Nimesema nakuja, natafuta kalamu. Kalamu ninayo, ndiyo hii. Barua iko kando ya sufuria. Nikitia sahihi, nampeleka kila siku kwa watu anaowaogopa. Nisipotia, saa sita mafundi wanaanza kujenga, na kesho atasimama mlangoni tena, na kesho kutwa, naye ana mwili wa kuishi miaka ishirini.

Sasa namsikia sebuleni anauliza, kwa sauti ndogo ambayo siijui, kama wangependa kupanda. Hakuna anayemjibu. Wananingoja mimi.

Nikishaamua, nitaandika.