Shamba la Chini Halijaota

Jumatatu, 5 Desemba 1994

Nimekaza nati za mashine tena asubuhi. Ile ya gurudumu la nyuma inalegea kila tukigeuza. Kati ya maksai wetu wawili, Tajiri ametulia kwenye nira. Diwani, kama jina lake, anapenda kusimama mbele ila kuvuta hataki.

Hii mashine ya kupandia naipenda, niseme ukweli. Juu kuna kasha la mbegu, chini yake sahani yenye matundu, halafu bomba linaloangusha punje kwenye mfereji. Maksai wakitembea, gurudumu linazungusha sahani, punje zinadondoka moja moja kwa nafasi ileile. Nimeijaribu uwanjani, mahali palipofagiwa. Zimelala kwa mstari kama shanga. Nikacheka peke yangu.

Mume wangu hakucheka. Tangu apunguzwe kazi ya reli kule Itigi, Baba Zena anakaa kwenye kigoda anaangalia barabara. Anataka trekta. Rafiki yake Sima wa Ihanja amelipata lile kuukuu la ushirika, mali za ushirika zilipouzwa. Sasa anamwambia: nipe hao maksai wawili, nusu ya trekta ni yako. Nimemuuliza Baba Zena ni nusu ipi, ya mbele au ya nyuma. Amenuna. Halafu akanitupia methali: mchagua jembe si mkulima.

Yeye akiwa Itigi, hapa Sepuka alikuwa analima nani? Mimi. Tajiri na Diwani nimewafundisha nira mimi, kwa hii sauti yangu ambayo sasa inamkera.

Jumatano, 7 Desemba

Shamba la juu limekwisha. Alizeti. Udongo wa kichanga, umelowa vizuri, mashine imepita kama kisu kwenye ugali. Tumemaliza kabla ya adhuhuri. Kwa jembe la mkono ingekuwa wiki nzima na mgongo juu.

Baba Zena ameongoza maksai. Hakusema neno zuri wala baya. Kwake hiyo ni sifa.

Ijumaa, 9 Desemba

Baba Zena ametoka msikitini Ihanja na Sima. Nimewapa uji. Sima anaongea kama redio: siku hizi soko huria, kila mtu na akili yake, wenye alizeti wanunuzi wanawafuata mlangoni, anayelima kwa ng'ombe atabaki na ng'ombe. Nimenyamaza kwa sababu ya adabu ya mgeni, lakini mwiko niliuosha mara tatu.

Jambo lenyewe haliko mikononi mwa Sima. Wala mwa Baba Zena. Hao maksai ni wa uzao wa ng'ombe wa mama mkwe, ng'ombe wa nyumba yake. Bila neno lake hawatoki zizini. Mume wangu akamwendea mama yake, akachuchumaa, akaeleza yote. Mama haoni vizuri siku hizi, anasikiliza kwa kuinamisha kichwa. Amesema tujaribu mashine kwenye shamba la chini, maana ndilo linalotulisha. Mtama ukiota, maksai wanabaki. Usipoota, wachukuliwe.

Nimekubali haraka. Haraka mno. Shamba la chini ni mbuga, tope jeusi. Lakini nilikuwa nimelewa na ushindi wa shamba la juu.

Jumatatu, 12 Desemba

Tumepanda chini. Siku mbaya.

Manyunyu tangu alfajiri. Nilitaka kusubiri udongo ukauke kidogo, Baba Zena akasema wanaotaka kushindwa ndio husubiri. Basi tukaingia. Tope limeshika gurudumu, limeshika kwato, limeshika na sketi yangu. Diwani amelala chini mara mbili katikati ya mstari. Ila gurudumu lilizunguka na mfereji ukajifunika nyuma yetu vizuri, mistari imenyooka.

Mbegu ametoa mama mkwe mwenyewe. Kibuyu chake, mtama aliouchagua suke kwa suke wakati wa mavuno. Amekaa ukingoni mwa shamba na gunia kichwani, anauliza kila tukifika: "Inakwenda?" Ninamjibu: "Inakwenda, mama."

Jumanne, 13 Desemba

Mvua. Nzuri. Nimelala mchana kama mtu mwenye haki.

Jumatatu, 19 Desemba

Alizeti imetoka! Shamba zima la juu, majani mawili mawili, unaweza kuona mstari kutoka huku mpaka kwenye uzio. Jirani amekuja kuangalia, akaomba kuazima mashine.

Nikashuka chini nikikimbia kama msichana. Chini hakuna kitu. Weusi mtupu.

Mbuga ni baridi, mtama utachelewa. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Baba Zena. Sikuamini nilichokuwa nasema.

Jumatano, 21 Desemba

Bado. Nimefukua mstari wa kwanza kwa vidole. Nilitegemea kukuta punje zimeoza, au sisimizi wamebeba, au ndege. Sikukuta punje. Nikafukua mbele. Hakuna. Mstari wa pili, wa katikati, wa mwisho. Hatua chache za mwanzo kuna miche miwili mitatu iliyonyong'onyea, halafu udongo mtupu.

Hatukupanda chochote. Tumetembeza maksai siku nzima kwenye tope, tumefunika mifereji isiyo na kitu, na mimi nimejibu "Inakwenda, mama."

Nimeketi palepale. Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni. Kihenge cha nafaka kimebaki robo.

Baadaye, alasiri

Nimefungua mashine nyuma ya zizi. Nimejua.

Matundu yote ya sahani yamezibwa na kitu cha kijivu, kigumu kama lipu ya ukuta. Majivu. Mama mkwe huhifadhi mbegu ya mtama kwenye majivu ya jikoni, fukusi wasiingie. Wote huku tunafanya hivyo, mama yangu pia. Ukipanda kwa mkono majivu hayana neno, yanakung'utika yenyewe. Mimi nilimimina nusu ya kibuyu kashani na majivu yake. Manyunyu yakaingia kwenye kifuniko. Yakakandika. Mbegu bado imejaa juu yake, imeoza; jioni ile nilichoka, sikufungua kifuniko kuangalia.

Nimeyakwangua kwa msumari mpaka kidole kimetoka damu.

Alhamisi, 22 Desemba

Baba Zena ameshuka chini mwenyewe leo. Amerudi, amemwambia mama yake mbele yangu kwamba mashine imeshindwa. Mama akainamisha kichwa. Akasema kama imeshindwa, basi neno ni neno. Sima atakuja Jumamosi na kamba zake.

Nimesimama pale na sentensi moja mdomoni. Mashine haikushindwa, ni majivu yako, mama. Ningeitamka, maksai wangebaki.

Sikuitamka. Mwanamke huyu, nilipobaki na mtoto mgongoni na mume mbali, ndiye aliyenigawia chakula chake. Macho yamemwishia, kilichobaki ni mbegu tu. Kila mwaka anachagua mbegu yeye kwa vidole, na kila mwaka tunakula. Nimwambie mbele ya mwanawe kwamba safari hii ametulaza njaa?

Na kwani kibuyu kilijimimina chenyewe? Mkono ulikuwa wangu. Macho ninayo.

Nina hasira na kila mtu. Na Baba Zena zaidi, kwa jinsi uso wake ulivyopata nuru kidogo.

Ijumaa, 23 Desemba

Mbegu iliyobaki kibuyuni inatosha, kama hatutachezea. Nimeiosha, nimeianika kwenye ungo, nimeipepeta. Haina hata chembe ya jivu. Kesho Sima akifika nitaomba mistari miwili tu, mbele ya macho ya watu. Mashine ikipanda, nitasema ilikuwa mvua iliyoziba. Mama hatajua kitu.

Nimewapa Tajiri na Diwani mabua ya mwisho. Diwani amenilamba mkono, mnafiki yule.

Jumamosi, 24 Desemba

Niandike kwa mfuatano, nisije nikaruka kitu.

Sima amefika na kamba mbili mpya. Amekuja kwa baiskeli. Baba Zena akamuuliza trekta liko wapi, si walikubaliana aje nalo. Sima akasema limekwama kule bondeni tangu mvua ya juzi, wanalichimba, si kitu. Baba Zena akaangalia barabara kwa muda.

Nikaomba mistari yangu miwili. Sima akacheka, akasema muda upo. Tukashuka. Nikamwomba mama mkwe anikabidhi ungo wa mbegu, kwa heshima tu, maana mbegu ni yake. Hapo ndipo nilipokosea.

Akaingiza vidole kwenye ungo. Akavizungusha. Akachukua punje chache akazisugua kwenye kiganja, akanusa.

"Umeosha majivu yangu," akasema.

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Yaliziba?"

Sikujibu. Na kutojibu kwangu akakusikia, maana anasikia kuliko sisi wote. Akamgeukia mwanawe. Kwanza Kinyaturu, haraka na kwa ukali, halafu Kiswahili ili Sima asikie naye: "Mashine haikushindwa. Nimeiziba mimi. Neno langu nalirudisha. Ng'ombe hawatoki."

Nilitamani ardhi inimeze. Sima akaanza kusema mambo ya ahadi, Baba Zena akamnyamazisha kwa mkono.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini mashine ilikuwa tayari imefungwa kwenye nira, na mimi ni mimi, nikataka kuonyesha. Tukapanda mstari kwa mbegu safi. Nikafuata nyuma nikifukua. Punje, punje, punje. Halafu hakuna. Nikainua mashine. Mdomo wa bomba umejaa tope la mbuga, limeshindiliwa kama kizibo cha kibuyu. Nikalitoa. Hatua chache, limejaa tena.

Kwa hiyo hata bila majivu isingepanda. Majivu yaliziba juu, tope likaziba chini. Chombo hiki ni cha kichanga. Mbuga iliyolowa haikitaki, na haikuwahi kukitaka. Mimi ndiye niliyetaka chombo kimoja kwa mashamba mawili, sawasawa kabisa na Sima na trekta lake.

Nimewaambia wote, kwa sauti. Nimemwambia mama hasa. "Si majivu peke yake, mama. Ni mimi niliyelazimisha." Akasema "Haya," kama mtu anayepokea maji.

Sima amepanda baiskeli yake. Kamba zake amesahau.

Jumatatu, 26 Desemba

Shamba la chini limepandwa upya. Kwa kamba.

Ni kamba za Sima. Nimechana kanga kuukuu, nimefunga kitambaa kila mahali pa shimo. Nilikuwa nafunga kwa kukadiria kwa mkono, Baba Zena akaja akasimama juu yangu. Nikajiandaa kwa methali nyingine. Akachuchumaa, akazifungua zote, akakata kijiti kuwa kipimo, akafunga upya. Miaka yote kule Itigi kazi yake ilikuwa kupanga mataruma, yale magogo yanayobeba reli, kila taruma kwa nafasi yake, njia isipinde. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anafanyaje. Leo nimeona. Anavuta kamba, anafumba jicho moja, anasema "kidogo kushoto," na mstari unanyooka ajabu.

Majirani Wakristo wametoka sikukuu, wamekuja na majembe yao. Nimechinja kuku wawili, togwa mtungi mzima. Wawili wanashika kamba, wengine wanachimba kwenye vitambaa, watoto wanaangusha punje tatu tatu. Mama mkwe alikaa na bakuli la majivu. Kila aliyepita alichota kidogo, akanyunyiza juu ya shimo kuzuia sisimizi. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Hakuna aliyemkataza.

Tumechelewa. Mvua ikikatika mapema, tutavuna mabua. Naogopa. Lakini safari hii kila shimo nimeliona kwa macho.

Jumatano, 4 Januari 1995

Mvua ndogo jana. Leo jua laini.

Mashine iko kwa jirani, ana kichanga kitupu. Baba Zena ameenda nayo mwenyewe kumwonyesha. Amemweleza habari ya majivu na ya tope, kwa kirefu, kama aliyezaliwa anajua. Nimemwacha.

Asubuhi mama mkwe aliniuliza kama shamba la chini limeota. Nikasema limeota. Akauliza tena, kwa sauti ileile ya siku ile ya manyunyu. Nikaelewa kwamba jibu langu halimtoshi, na kwamba ana haki.

Nikamshika mkono tukashuka polepole. Nikamchuchumaza mwanzoni mwa mstari, nikaweka vidole vyake kwenye mche wa kwanza. Akaugusa. Akapeleka mkono mbele, hewani, akausimamisha mwenyewe mahali panapostahili, akaushusha. Mche ulikuwepo. Akasogea. Na wa tatu.

Alikwenda hivyo mpaka kwenye uzio, na mimi nyuma yake, nimemshikia gauni lisiburuzike.